Mahari ya Nani? Ng'ombe, Mirathi na Ndoa Zetu Hapa Isiolo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Kila mwaka hapa Isiolo Ramadhan ikikaribia kumalizika, mazungumzo ya baada ya tarawehe hubadilika. Wazee huanza kunong'onezana, kina mama huanza kuhesabu kanga na sufuria, na vijana wanaotaka kuoa huanza kukosa usingizi. Shawwal inakuja, na Shawwal ni mwezi wa harusi. Na harusi ni lazima iwe na mahari.

Lakini wacha niulize swali ambalo hata mimi sikuwahi kuliuliza mpaka nilipofika chuo kikuu. Hiyo mahari ni ya nani? Na mbona binti anayetolewa mahari kubwa leo, kesho babake akifa hapewi hata ndama? Nimejaribu kufuatilia jambo hili kwa njia ya historia, kwa sababu mila haianguki kutoka mbinguni. Kila mila ina siku iliyoanza na sababu iliyoileta. Ukijua sababu yenyewe, utajua pia kama bado ipo.

MJI WA WATU WENGI, MAHARI NYINGI

Isiolo si mji wa kabila moja. Wakoloni Waingereza walipafanya kuwa mahali pa karantini ya mifugo inayotoka kaskazini, na baadaye makao makuu ya ile NFD, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kisomali waliolitumikia jeshi la Mwingereza, wengi wao Waisaaq na Waherti, walipewa nafasi ya kukaa hapa na mifugo yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Waborana waliosukumwa kutoka visima vya Wajir wakahamishiwa bonde la Waso, yaani mto Ewaso Nyiro, kule Merti na Garba Tulla. Wameru walikuwa jirani upande wa mlima, na Wasamburu na Waturkana upande wa malisho.

Kila mmoja alikuja na desturi yake ya kuoa. Wasomali wana yarad, mali inayotolewa kwa jamaa wa binti, na wana meher ya binti mwenyewe, na pia dibaad, vitu ambavyo jamaa wa binti humpa anapoondoka. Waborana wana gabbara, ng'ombe wachache wanaopelekwa kwa kina bibi harusi, na kabla ya hapo buni na tumbaku za kuomba uchumba. Wameru wana ruracio. Waturkana na Wasamburu nao wanajulikana kwa kutoa mifugo mingi.

Sasa angalia kilichotokea katika lugha. Sisi wote tukikutana sokoni tunaongea Kiswahili, na Kiswahili kina neno moja tu: mahari. Yarad ni mahari, gabbara ni mahari, ruracio ni mahari, na ile saduka aliyoitaja Allah (S.W.) katika Surat An-Nisaa aya ya 4 nayo ni mahari. Vitu viwili tofauti kabisa vikavaa kanzu moja. Kimoja ni mali inayotoka ukoo kwenda ukoo. Kingine ni mali inayotoka kwa mume kwenda mkononi mwa mke, na hakuna baba, kaka wala ami anayeruhusiwa kuigusa isipokuwa mke mwenyewe aridhike kwa nafsi yake.

Baadhi ya wafasiri wamesema aya hiyo iliwaelekea mawalii hasa, kwa sababu zama za ujahiliya walii alikuwa akiozesha binti kisha anakula mahari yake. Soma hapo, halafu ufikirie vikao vya posa ulivyowahi kuhudhuria.

NG'OMBE NA UKOO

Nirudi kwetu Waborana, ambao ndio ninaowajua zaidi. Ng'ombe wa mzee alipofariki walikuwa chini ya mtoto wa kiume wa kwanza, angafa. Yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba. Wadogo zake walipata kupitia kwake. Binti hakuwa na fungu katika zizi. Alikuwa na haki ya maziwa ya ng'ombe wa nyumba yake, lakini ng'ombe mwenyewe si wake.

Kwa nini? Si kwa sababu wazee wetu walichukia mabinti. Waborana wamegawanyika pande mbili, Sabbo na Gona. Mtu wa Sabbo haoi Sabbo, na wa Gona haoi Gona. Kwa hivyo kila binti, bila kukosa, ataolewa upande wa pili. Ukimrithisha ng'ombe, ng'ombe huyo na ndama wake wote wanahamia upande wa pili. Katika nchi ya ukame, ambapo maisha ya watu yalitegemea zizi na kisima cha ukoo, hilo lilionekana kama kujitoboa mtumbwi mwenyewe. Gabbara ikawa ndiyo kiungo. Binti anaondoka bila mifugo, na kwao wanapata ng'ombe wachache kama alama kwamba koo mbili sasa ni shemeji.

Na mjane? Ndoa ya Kiborana katika mila ya zamani haikuwa na talaka. Mume akifa, mke hakutoka. Alibaki ndani ya ukoo wa marehemu, chini ya ndugu zake. Wasomali walikuwa na dumaal, ndugu wa marehemu kumwoa mjane. Hapa utaona jinsi mirathi na ndoa zilivyofungwa kwa kamba moja. Kama mali haiwezi kutoka kwenye ukoo, basi na mwanamke ambaye watoto wake ndio warithi hawezi kutoka.

Tusidhani ni sisi tu. Nenda Lamu uone upande mwingine wa jambo hili hili. Kule mabinti walirithi kisharia tangu zamani, na baba mwenye uwezo alimjengea bintiye nyumba ya kuolewa ndani yake, bwana harusi ndiye anayehamia. Je, wao waliizuiaje mali isitoke? Waliozana wenyewe kwa wenyewe, mtoto wa ami kwa mtoto wa ami. Waborana walimnyima binti mali ili aolewe mbali, na watu wa pwani walimpa binti mali wakamwoza karibu. Watu wote wawili walikuwa wanalinda kitu kimoja.

UISLAMU ULIPOFIKA WASO

Waborana wa Waso waliingia katika Uislamu kwa wingi baada ya kutenganishwa na ndugu zao wa kaskazini miaka ya 1930. Kule Marsabit na Ethiopia ndiko walikokuwa makallu na ibada za zamani, na hapa jirani walikuwa Wasomali, wafanyabiashara na mashekhe. Mwanachuoni wa Kiingereza Paul Baxter, aliyeishi na Waborana mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika makala yaliyotoka 1966 kuhusu jinsi Waborana wengine walivyoupokea Uislamu na wengine walivyoukataa. Wa Isiolo ndio waliopokea.

Walipokea swala, saumu, majina, mazishi na nikah. Alhamdulillahi. Lakini mirathi ilibaki nje ya mlango. Shekhe aliitwa kusoma khutba ya nikah, na shekhe aliitwa kumzika mzee, lakini siku ya kugawa ng'ombe hakuitwa. Siku hiyo walikaa wazee wa ukoo.

Kisha yakaja majanga. Tarehe 28 Juni 1963 aliuawa DC wa Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, pamoja na chifu mkuu Haji Galma Dido. Vita vya Shifta vilidumu mpaka 1967. Wazee wetu huita wakati huo Gaf Daba. Watu walikusanywa katika kambi, malisho yakafungwa, mifugo ikafa, ikachukuliwa, ikapigwa risasi. Familia zilizokuwa na mazizi zikabaki na fimbo mkononi. Wengi wakaja kuishi mjini, Bulla Pesa na kwingineko, na wengine wakaingia katika mashamba ya umwagiliaji kama ya Malka Dakaa na Rapsu. Kabla watu hawajainuka vizuri, ukame wa 1984 ukawakuta.

Fikiria mjane wa wakati huo. Mila ilimwambia: huna fungu, lakini ukoo utakulisha. Sasa ukoo wenyewe hauna cha kulisha. Ile sababu iliyoleta mila ilikuwa zizi kubwa linalotunza watu wote. Zizi likaondoka, na ahadi ya kumtunza mjane ikaondoka nalo. Kilichobaki ni ile sehemu ya kumnyima peke yake.

SHERIA ZA SERIKALI

Vijana wengi hatujui kwamba hata serikali iliwahi kutuachia mila yetu kwa maandishi. Sheria ya Urithi ilipitishwa 1972 na kuanza kutumika 1981. Iliweka ubaguzi wa aina yake: ardhi ya kilimo, mazao na mifugo katika wilaya kadhaa, zikiwemo Isiolo, Marsabit, Samburu, Turkana, Wajir, Garissa na Mandera, mtu akifa bila wosia vigawanywe kwa mila ya kabila lake. Maana yake ni kwamba ngamia na ng'ombe wetu waliachiwa wazee wa ukoo.

Waislamu wa Kenya waliipinga sheria hiyo kwa sababu iliwatoa katika hukumu ya Qur'ani, na mwaka 1990 ikarekebishwa: mali ya mtu aliyekufa akiwa Muislamu irithiwe kwa sheria ya Kiislamu. Mahakama za Kadhi zilikuwa na sheria yake tangu 1967, na Katiba ya 2010 katika kifungu cha 170 ikathibitisha kwamba Kadhi ana mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake.

Tulipigania haki hiyo kwa nguvu, na nguvu nyingine ikatumika 2010 kuhakikisha Kadhi anabaki ndani ya Katiba. Sasa wacha niseme ukweli hata kama unauma. Tulimkataa jaji wa serikali asitugawie mirathi kwa sababu tuna Qur'ani, kisha nyumbani tukagawa bila Qur'ani.

HESABU YA ZIZI

Katika Uislamu mambo ni ya wazi. Baada ya Vita vya Uhud, mjane wa Sa'd bin Rabi' (r.a.) alimjia Mtume (S.A.W.) na mabinti zake wawili. Akasema kwamba baba yao ameuawa shahidi, na ami yao amechukua mali yote, na mabinti hawaolewi bila mali. Zikashuka aya za mirathi. Mtume (S.A.W.) akamwita yule ami, akamwamuru awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumuni, na kinachobaki ndicho chake. Hadithi hii imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Tazama, kesi yenyewe ilikuwa kesi ya ami na zizi la ndugu yake. Ni kesi yetu ya Isiolo, imetokea Madina miaka zaidi ya elfu moja na mia nne iliyopita.

Chukua mfano. Mzee amefariki, hana wazazi, ameacha mke mmoja, wavulana wawili, wasichana watatu na ng'ombe 80. Kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wosia usiozidi thuluthi. Tuseme hayo yote yameisha na 80 wamebaki. Mke ana thumuni: ng'ombe 10. Wanabaki 70. Mvulana ana mafungu mawili, msichana moja, kwa hivyo mafungu ni saba. Kila mvulana ng'ombe 20, kila msichana ng'ombe 10. Mtoto wa madrasa anaweza kuipiga hesabu hii kwa kidole mchangani.

Na pale kwenye madeni, usipite haraka. Mahari ambayo mume aliahidi na hajalipa ni deni. Ule mwandiko wa "mahari baadaye" kwenye cheti cha nikah si mapambo. Mume akifa kabla ya kulipa, mjane analipwa kwanza kama mdai mwingine yeyote, ndipo achukue na thumuni yake. Ni wajane wangapi mtaani kwetu waliolipwa?

NYUMBANI KWETU

Sipendi kuandika ya watu nikaficha yetu. Babu yangu mzaa baba alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Baba yangu ni angafa. Ng'ombe walibaki kwake na kwa ami zangu, na shangazi zangu watatu hawakupata hata mmoja. Sisi tulimwita mzee wetu mwadilifu, na kweli ni mwadilifu, haswi kuswali jamaa. Nilipopata barua ya chuo kikuu, ng'ombe wanne walipelekwa sokoni. Siku ile nilifurahi sana.

Mwaka uliofuata nilirudi likizo, nikamsaidia ustadh kufundisha watoto faraidh pale madrasa. Nikachora ule mfano ubaoni. Nikiwa na chaki mkononi nikajikuta nahesabu zizi la babu. Ng'ombe wanne wa karo yangu walikuwa wa nani?

Nilikwenda kwa shangazi mkubwa, adada kama tunavyosema sisi. Nilimuuliza kwa adabu, adada, wewe haki yako ya babu iko wapi? Akasema, "Nimewaachia kaka zangu." Nikamuuliza kama aliwahi kuulizwa. Akanyamaza, akamimina chai. Kisha akasema, "Mwanangu, mwanamke bila kaka ni nani? Siku mume akinifukuza nitakwenda wapi? Nikichukua ng'ombe, nitapoteza mlango." Nikauliza tena, na mahari yako? Akacheka. "Iliandikwa," akasema.

Ndugu msomaji, maneno hayo ya adada yamenifundisha zaidi ya vitabu. Yeye hakusamehe kwa sababu ameridhika. Alilipia bima. Aliacha fungu lake ili awe na mahali pa kukimbilia ndoa ikivunjika, kwa sababu mahari yake haiko mkononi na mirathi yake haiko zizini. Kama angekuwa na ng'ombe wake kumi, angehitaji kununua huruma ya kaka zake? Hapo ndipo mirathi inapoingia ndani ya ndoa. Mwanamke asiye na chake huvumilia hata lisilovumilika, na watu humsifu kwa subira.

Na upande wa kijana wa kiume pia kuna mzigo. Baba asiyekusudia kumrithisha bintiye humtafutia "thamani" yake siku ya posa. Anaona hii ndiyo nafasi pekee ya binti kuleta kitu. Bei inapanda, kijana wa bodaboda anakopa, ndoa inaanza na deni, na pesa zenyewe zinakwenda kwa wajomba, kwa hema na kwa pilau. Mtume (S.A.W.) alimwambia masikini mmoja atafute japo pete ya chuma, na alipoikosa akamwoza kwa Qur'ani aliyoihifadhi, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Sayyidna Ali (r.a.) alimpa Bi Fatima (r.a.) deraya yake ya vita. Lakini sijaona mahali waliposema kwamba mahari ikiwa ndogo na mirathi isitolewe.

TUFANYE NINI?

Sisemi tutupe mila. Buni na tumbaku za kuomba uchumba hazina ubaya. Hata kuwakirimu wazazi wa binti si haramu, maadamu ni zawadi na si sharti la kula haki yake. Desturi njema inakubalika katika dini yetu. Lakini ile desturi ya angafa kuzuia mali ya ndugu zake imepoteza hata sababu yake ya kidunia, na sababu ya kidini haijawahi kuwa nayo.

Kwanza, siku ya nikah mahari itajwe ni kiasi gani, kipi kimetolewa na kipi ni deni, na binti mwenyewe aambiwe. Si walii peke yake. Pili, mzee akifariki, kabla ya arobaini ya watu wala matanga, aitwe Kadhi au shekhe anayejua faraidh, mifugo ihesabiwe, na majina ya mabinti yaandikwe kama ya wavulana. Tatu, dada akitaka kusamehe, akabidhiwe kwanza. Mshike ng'ombe, mpe kamba mkononi, umwambie huyu ni wako. Akimrudisha baada ya hapo, huo ni msamaha. Kabla ya hapo ni aibu tu.

Mimi nimemweleza baba yangu haya yote usiku wa Ramadhan hii baada ya daku. Alisikiliza mpaka mwisho. Alizungusha tasbihi yake kwa muda mrefu, kisha akaniuliza swali moja: "Hao wanne wa karo, umewahesabu?" Nikasema nimewahesabu, na nikimaliza masomo nikapata kazi, deni hilo ni langu. Akasema baada ya Idd atawaita dada zake. Sijui kikao hicho kitakuwaje, na ami zangu wana maneno makali. Niombeeni dua.

Na wewe unayesoma ukisubiri adhana ya magharibi, nakuomba kabla Shawwal haijaingia uulize nyumbani kwenu: mahari ya mama iko wapi? Na fungu la shangazi liko wapi? Tumeacha chakula cha halali mchana kutwa kwa ajili ya Allah. Basi tusifuturu kwa mali ya yatima na mjane.

Allah (S.W.) atutakabalie saumu zetu, awarehemu wazee wetu waliotangulia, na atupe ujasiri wa kurudisha haki kwa wenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.